Grafiti au moli: kuchagua kilainishi kikavu kwa kuanzia kwenye atomu

Poda mbili za kijivu. Zote zinang'aa, zote huchafua vidole, zote huteleza ukizisugua kwa dole gumba. Kopo moja limeandikwa grafiti. Jingine limeandikwa molibdeni disulfidi, au MoS2, ambayo hapa tutaiita moli. Hata wanakemia walizichanganya hadi mwaka 1778, pale Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi alipoonyesha kuwa ni vitu viwili tofauti kabisa: moja ni kaboni tupu, nyingine ni molibdeni iliyoungana na salfa.

Mnunuzi wa leo huchagua kwa bei, au kwa namba ya msuguano iliyoandikwa kwenye lebo. Namba hiyo ni nguvu ya kusukuma ikigawanywa kwa nguvu inayobonyeza, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo kitu kinavyoteleza. Shida ni kwamba poda haina namba moja ya msuguano kama ilivyo na uzito au rangi moja. Namba hutokana na poda, chuma kilicho chini yake, mzigo, na hewa iliyopo. Kati ya hivyo vinne, hewa ndiyo husahaulika, na ndiyo inayoamua kati ya grafiti na moli. Grafiti inahitaji mvuke wa maji ili iteleze. Moli huteleza vizuri zaidi pasipo na mvuke. Mengine yote, kuanzia joto, umeme, kutu hadi bei, huja baada ya hapo.

Atomu zinapopitana

Vyuma viwili vikilaliana, hata vikiwa vimesagwa mpaka vikang'aa, hugusana kwenye vilele vichache tu. Bowden na Tabor wa Cambridge ndio waliolikazia jambo hili katikati ya karne ya 20: eneo halisi la kugusana ni sehemu ndogo sana ya eneo linaloonekana kwa macho, na hukua kadiri mzigo unavyoongezeka. Kwa sababu hiyo kanuni ya Amontons ya mwaka 1699, kwamba msuguano hufuata mzigo na haujali ukubwa wa uso, bado inafaa kwa kazi nyingi za karakana.

Ndani ya kila kilele, atomu za upande mmoja hukaa kwenye vibonde vilivyo kati ya atomu za upande wa pili. Ukisukuma, atomu haisogei mara moja. Inavutwa, inapanda ukingo wa kibonde chake huku vifungo vinavyoishikilia vikijikunja kama springi, kisha inachomoka ghafla na kuangukia kibonde kinachofuata. Nishati iliyokuwa kwenye hiyo springi hugeuka kuwa mtetemo wa atomu za jirani, yaani joto. Prandtl mwaka 1928 na Tomlinson mwaka 1929 waliliandika wazo hili kwa hesabu, kila mmoja kwa njia yake, miongo mingi kabla ya mtu kuweza kuliona. Lilionekana mwaka 1987, Mate na wenzake wa maabara ya IBM ya Almaden, California, walipoburuta ncha ya tangsteni juu ya grafiti kwa hadubini ya nguvu za atomu. Msuguano ulipanda na kushuka kwa kufuata hatua ya takribani nanomita 0.25, ambayo ndiyo nafasi ya kujirudia kwa mpangilio wa atomu za grafiti.

Kwa hiyo zipo njia mbili za kupunguza msuguano katika ngazi hii. Ya kwanza ni kuvifanya vibonde viwe na kina kifupi, kwa kutumia nyuso ambazo atomu zake hazina mkono uliobaki wa kushikia jirani. Ya pili ni kuziweka nyuso mbili katika pembe ambayo vibonde vyake havilingani. Chukua mabati mawili ya migongo: yakilaliana migongo ikiwa sambamba hushikana, lakini ukilizungusha la juu kidogo, linapanda juu ya migongo na kuteleza. Mwaka 2004 Dienwiebel, Frenken na wenzao huko Leiden, Uholanzi, walifanya hivyo hasa kwa kipande kidogo mno cha grafiti kilichonasa kwenye ncha ya hadubini. Walipozungusha grafiti ya chini, msuguano ulishuka zaidi ya mara kumi, kisha ukapanda tena kila baada ya nyuzi 60, kwa kuwa mpangilio wa grafiti una pande sita.

Grafiti na moli zote mbili zina matabaka, na zote hutumia njia hizi mbili. Tofauti iko kwenye kingo za matabaka yao.

Grafiti: inateleza kwa msaada wa maji

Ndani ya tabaka la grafiti, kila atomu ya kaboni imeshikana na tatu nyingine kwa vifungo imara vya nanomita 0.142. Kutoka tabaka hadi tabaka ni nanomita 0.335, na kinachoyashikilia ni mvuto dhaifu tu. Maelezo ya vitabu vingi huishia hapo: matabaka yanateleza, basi. Kama hilo lingetosha, grafiti ingeteleza popote.

Haitelezi popote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege zilipoanza kuruka juu sana, brashi za kaboni za jenereta zake, yaani vipande vinavyopitisha umeme kwa kusugua sehemu inayozunguka, zilisagika na kuwa vumbi ndani ya saa chache, ilhali chini zilikuwa zikidumu muda mrefu. Robert Savage wa General Electric alichapisha mwaka 1948 kazi iliyoonyesha sababu: ukosefu wa mvuke. Hesabu yake ni rahisi. Hewa ya pwani yenye nyuzi 30 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 75 ina mvuke wenye shinikizo la takribani paskali 3,200. Kwenye mita 10,000 juu, joto likiwa karibu na nyuzi 50 chini ya sifuri, mvuke hauwezi kuzidi paskali 4 hivi. Ni tofauti ya mara 800.

Kinachofanyika ni hiki. Uso mpana wa tabaka la grafiti hauna njaa, lakini ukingo wake unayo: atomu za pembeni zimekatwa vifungo na zinatafuta cha kushika. Penye mvuke, molekuli za maji hukimbilia kingo hizo na kuzishibisha. Pasipo na mvuke, kingo za vipande viwili hushikana zenyewe kwa zenyewe, au hushika chuma, na vipande huraruka badala ya kupitana. Msuguano hupanda kutoka karibu 0.1 hadi 0.5 au zaidi, na uchakavu huongezeka mara maelfu. Wapo waliodhani kwamba maji huingia katikati ya matabaka na kuyapanua, lakini vipimo vya eksirei havikuonyesha nafasi hiyo ikibadilika. Maji hufanya kazi yake pembeni.

Joto nalo huleta hali hiyo hiyo bila ombwe, yaani bila kuondoa hewa. Grafiti ikipita nyuzi mia na kitu, maji yaliyoshika kingo huanza kuondoka, na mtu hushangaa kwa nini kilainishi "kinachovumilia joto" kimeanza kukwaruza kikiwa mbali na kikomo chake. Kikomo chenyewe, mahali ambapo kaboni huanza kuungua polepole hewani, ni karibu na nyuzi 450, na hutegemea usafi na ukubwa wa vipande.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki grafiti ina faida ya ujirani. Tanzania ina miamba yenye grafiti ya vipande vipana Mahenge, Ruangwa na Merelani, na kilainishi kizuri hutoka kwenye grafiti ya aina hiyo. Sharti ni kuangalia majivu, yaani uchafu wa mawe unaobaki kaboni ikiungua. Grafiti iliyobaki na chembe za kwatzi ni msasa, hata ikiwa nyeusi na inang'aa vipi. Kwa kulainisha, tafuta usafi wa kaboni wa asilimia 96 au zaidi, na ukisugua chembe kati ya vioo viwili kisiwepo kitu kinachokwaruza.

Moli: inateleza yenyewe, na maji ndiyo adui

Tabaka moja la moli si la atomu moja kwenda juu. Ni tatu: salfa, molibdeni, salfa. Molibdeni imefunikwa pande zote mbili, na salfa inayotazama nje imeshatimiziwa vifungo vyake. Salfa ya tabaka hili ikikutana na salfa ya tabaka la juu, hakuna kinachotaka kushikana. Kutoka tabaka hadi tabaka ni nanomita 0.615, na mteremko wa vibonde ni mdogo. Haihitaji msaidizi.

Katika ombwe, filamu nzuri ya moli, yaani utando wake mwembamba juu ya chuma, hutoa msuguano wa 0.01 hadi 0.05. Mwaka 1993 kundi la Jean-Michel Martin huko Lyon, Ufaransa, lilipima filamu safi kabisa ya moli katika ombwe kali na kupata chini ya 0.002, na hadubini ya elektroni ikaonyesha vipande vilivyozungukiana kwa pembe zisizolingana. Yale mabati tena.

Moli ina tabia moja ambayo grafiti haiifikii: hupenda mzigo. Filamu ngumu ya moli haifuati Amontons kikamilifu. Ukiongeza shinikizo, msuguano wake haupandi kwa kiwango kile kile, kwa hiyo namba ya msuguano hushuka. Ndiyo sababu inang'ara kwenye pini za eskaveta, kwenye mabamba ya kuungia trela, na kwenye bushi zinazosogea polepole chini ya tani kadhaa, mahali ambapo mafuta ya kawaida hubanwa yakatoka.

Udhaifu wake uko pembeni kama wa grafiti, ila umegeuka. Kwenye kingo na kwenye nyufa, molibdeni huwa wazi. Maji na oksijeni huishika hapo, vipande hushindwa kujipanga na kuungana kuwa filamu pana, na filamu huisha kwa vumbi. Katika hewa ya unyevu mwingi msuguano hufika 0.15 hadi 0.25, na maisha ya filamu hupungua sana. Ukiipasha joto kupita nyuzi 100, maji huondoka na moli hutulia. Kuanzia nyuzi 350 hadi 400 hewani hugeuka kuwa oksidi ya molibdeni, ambayo haitelezi hivyo, huku salfa ikitoka kama gesi. Katika ombwe huvumilia joto kubwa zaidi sana, kwa sababu hakuna oksijeni ya kuiunguza.

Mfano unaojulikana zaidi wa filamu kavu iliyoisha kabla ya kazi ni antena kubwa ya chombo cha anga cha Galileo. Kilirushwa Oktoba 1989 kuelekea Mshtarii. Aprili 1991 kiliamriwa kufungua antena yake ya mita 4.8 iliyokunjwa kama mwavuli wenye mbavu 18, na baadhi ya mbavu zikagoma. Uchunguzi ulielekeza kwenye pini za titani zilizopakwa kilainishi kikavu chenye moli. Chombo kilikuwa kimesafirishwa kwa lori kati ya California na Florida zaidi ya mara moja, na mitikisiko hiyo ililegeza na kusaga filamu kwenye sehemu za kugusana, tena hewani, ambako filamu ya namna hiyo huchakaa haraka kuliko kwenye ombwe. Huko juu titani tupu ilishika metali ya tundu lililoipokea. Antena haikufunguka kamwe, na safari ikaendeshwa kwa antena ndogo yenye kasi ndogo mno ya data. Tangu hapo hakuna mhandisi wa mitambo ya anga anayechukulia mizunguko ya majaribio hewani kama kitu cha bure. Kila mzunguko ndani ya hewa yenye unyevu hula filamu, ndiyo maana majaribio hufanywa ndani ya naitrojeni kavu.

Namba zikiwa pamoja

| | Grafiti | Moli |
|---|---|---|
| Msuguano, hewa yenye unyevu | 0.1–0.2 | 0.15–0.25 |
| Msuguano, ombwe au naitrojeni kavu | 0.5 au zaidi | 0.01–0.05 |
| Kikomo cha joto hewani | takribani nyuzi 450 | nyuzi 350–400 |
| Mzigo mkubwa | wastani | vizuri sana |
| Umeme | hupitisha vizuri | hupitisha kidogo mno |
| Uzito wa sentimita moja ya ujazo | gramu 2.26 | takribani gramu 5 |
| Kutu | huichochea penye chumvi | haiizuii |

Safu ya kwanza isikudanganye kwamba zinakaribiana. Msuguano wa moli kwenye unyevu unaweza kuonekana wa kawaida siku ya kwanza. Kinachopotea ni maisha ya filamu, na hilo halionekani kwenye lebo yoyote.

Kazi kwa kazi

Kama kitu kinapitisha umeme huku kikisuguana, mjadala umeisha: grafiti. Brashi za stata, za grainda, za drili, na ukanda wa kaboni unaogusa waya juu ya treni ya umeme, vyote ni vya jamii hiyo. Moli huongezwa kidogo tu kwenye brashi maalumu za hewa kavu au za anga za juu, mahali ambapo grafiti peke yake ingesagika.

Kama kitu kiko ndani ya ombwe, ndani ya gesi kavu, au ndani ya jokofu la maabara lililokaushwa, ni moli. Hapa grafiti haina nafasi hata kidogo.

Pwani ndiko watu hukosea zaidi, kwa sababu kanuni ya mvuke inaelekeza kwenye grafiti na chumvi inaelekeza kwingine. Ni kweli hewa ya Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam ina mvuke wa kutosha kuishibisha grafiti mwaka mzima. Lakini grafiti, kwa upande wa umeme wa kikemia, iko juu kuliko karibu metali zote za kawaida. Ikigusana na alumini au chuma huku kukiwa na unyevu wa chumvi, inakuwa betri ndogo, na metali ndiyo inayoliwa. Mafundi wa ndege hukatazwa kuchora alama kwenye bati la alumini kwa penseli ya kawaida kwa sababu hiyo hiyo, na huo ni mstari mmoja tu wa grafiti. Kwa hiyo kwenye boti, kwenye madirisha ya alumini, kwenye injini ya kando ya maji, usitie grafiti. Moli pia haizuii kutu, na ikikaa na maji kwa muda mrefu hutoa asidi kidogo. Ndani ya grisi nzuri ya baharini, hata hivyo, grisi ndiyo inayozuia maji na moli inabaki kuwa akiba ya siku ya mzigo. Poda tupu ya aina yoyote kwenye chumvi ni makosa.

Kitasa au kufuli: bara, penye vumbi na ukavu wa wastani, grafiti ni nzuri. Puliza kidogo mara moja au mbili, ingiza ufunguo na kuutoa mara kadhaa, futa ufunguo. Usitie mafuta juu yake, wala usitie grafiti kwenye kitasa kilichokwisha kutiwa mafuta. Mchanganyiko huo hugeuka kuwa uji mweusi unaonasa vumbi, na vipini vidogo vya ndani huganda. Kufuli lililo mbele ya bahari ni heri lipulizwe kilainishi kikavu cha tefloni.

Beringi ya kasi: wala grafiti wala moli. Filamu ya mafuta kati ya gololi na njia yake ina unene wa mikromita moja au chini ya hapo, na chembe za poda za kawaida ni mikromita kadhaa. Chembe hugongwa na kila gololi inayopita. Grisi yenye moli ya asilimia 3 hadi 5 ni ya bushi, pini, maungio ya ekseli ya mbele na sehemu zinazosogea polepole. Kuiweka kwenye beringi ya mota ya umeme kwa sababu ni "grisi ya bei zaidi" ni kununua kelele.

Oveni, mnyororo wa tanuru, bawaba za boila: hapa joto linaanza kupita moli. Grafiti huenda mbele kidogo, kisha nayo huungua. Zaidi ya hapo tafuta boroni naitraidi, poda nyeupe yenye matabaka kama ya grafiti, inayovumilia karibu nyuzi 900 hewani na haipitishi umeme. Katika joto la kawaida haitelezi vizuri kama hizi mbili, na bei yake ni kubwa. Wanaomimina alumini huipaka kwenye kalibu ili alumini isishike.

Mbadala mbili zinazoulizwa sana

Tefloni, yaani PTFE, haina matabaka. Ni minyororo mirefu ya kaboni iliyovishwa florini, laini kwa nje, inayojilaza kwenye mwelekeo wa mwendo. Msuguano wake ni 0.05 hadi 0.1, na haijali unyevu wala chumvi. Kasoro zake ni mbili: peke yake huchakaa haraka, hivyo bushi nzuri za tefloni huchanganywa na nyuzi za kioo au shaba nyeusi, na kikomo chake ni nyuzi 260. Ikipashwa zaidi sana hutoa mvuke wa sumu, kwa hiyo isisogee karibu na moto wa kuchomelea.

Kaboni ngumu inayofanana na almasi, DLC, si poda bali ngozi ya mikromita 1 hadi 3 inayowekwa kiwandani ndani ya chemba ya ombwe, na huonekana kwenye pini za pistoni na tapeti. Tunaitaja kwa sababu inarudia hadithi ile ile ya kingo. Aina iliyojaa hidrojeni ina atomu zilizoshiba, na kwenye naitrojeni kavu imepimwa chini ya 0.01. Kwenye unyevu hupanda. Aina isiyo na hidrojeni hufanya kinyume: inahitaji mvuke, na kwenye ombwe hukwama vibaya. Muuzaji akikwambia "DLC" bila kusema ni ipi, hajakwambia kitu.

Na kuhusu mafuta ya injini yaliyoongezwa grafini, tabaka moja tu la kaboni: mwaka 2010 kundi la Carpick na Hone nchini Marekani lilipima msuguano juu ya matabaka machache ya grafini na ya moli. Tabaka moja lilikuwa na msuguano mkubwa kuliko matabaka mengi. Tabaka pekee lisiloshikwa vizuri na kilicho chini yake hujikunja mbele ya ncha, na mkunjo huo huongeza eneo la kugusana. Kufikia matabaka manne hivi, tofauti na kipande kizima ilikuwa imekaribia kuisha. Wembamba peke yake si sifa ya kulipia.

Kujua umeuziwa nini

Poda zote mbili hughushiwa, na moli ndiyo hughushiwa zaidi kwa sababu ni ghali. Sugua kidogo kwenye sahani nyeupe ya kaure iliyong'arishwa: grafiti huacha mstari mweusi wa kijivu, moli huacha mstari wenye rangi ya kijani kwa mbali. Jaribio la pili ni la mita. Jaza poda kwenye kipande kifupi cha bomba la plastiki, ibane kwa bolti mbili kutoka pande mbili, pima upinzani kati ya bolti hizo. Grafiti iliyobanwa hutoa omu chache. Moli hutoa upinzani mkubwa mara nyingi zaidi. Kama kopo linasema moli na mita inaonyesha karibu sifuri, umeuziwa kaboni.

Kupaka, na mahali kazi huharibika

Filamu haishiki juu ya mafuta. Osha chuma kwa asetoni au alkoholi ya isopropili. Petroli na mafuta ya taa huacha utando, usiyatumie kwa hatua ya mwisho. Baada ya hapo usiguse uso kwa kidole kitupu. Sugua poda kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kwa nguvu, kwa kufuata mwelekeo wa mwendo, ili matabaka yalale. Kisha futa ziada yote.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Uso wa sentimita 100 za mraba uliofunikwa kwa mikromita moja ya moli unabeba gramu 0.05. Hata ukipoteza mara nne ya hiyo, hujavuka robo gramu. Ziada haiongezi ulainisho. Huviringika, hukusanyika pembeni na kuzuia mwendo. Vaa barakoa, na kama ni grafiti, weka mbali na saketi na swichi kwa kuwa vumbi lake hupitisha umeme.

Filamu ya kupulizwa yenye gundi hudumu zaidi. Unene unaofaa ni mikromita 5 hadi 15. Kabla ya kupuliza, chuma kipigwe mchanga mwembamba wa alumina au kitiwe utando wa fosfeti, kwa sababu filamu hushika kwenye vijibonde vya uso mkavu usiong'aa. Kisha ioke kwa joto na muda ulioandikwa kwenye kopo, bila kukisia. Makosa matatu hujirudia: kupuliza nene mpaka filamu inabanduka kwa magamba, kuoka nusu nusu, na kuongeza mafuta juu ya filamu iliyokamilika "ili iwe bora". Mafuta huosha vumbi laini la moli ambalo lingehamia upande wa pili na kuunda filamu pacha, na filamu iliyobaki huisha mapema. Mizunguko ya mwanzo kuwa mizito kidogo ni kawaida, vipande bado vinajipanga.

Bolti zina hatari yake, na hapa moli inaweza kuvunja kitu kwa sababu tu imefanya kazi yake. Sehemu kubwa ya nguvu unayoiweka kwenye spana ya toki, yaani spana inayopima nguvu ya kuzungusha, huliwa na msuguano wa nyuzi za bolti na wa uso wa nati. Sehemu ndogo tu ndiyo huvuta bolti. Chukua bolti ya M12 ya daraja la 8.8 iliyokazwa kwa niutoni-mita 80. Ikiwa kavu, kwa kigezo cha kawaida cha toki cha 0.2 (si namba ya msuguano yenyewe, bali kinachojumlisha msuguano wote wa bolti), inavutwa kwa kilonyutoni 33. Ukiipaka pesti ya moli kigezo hushuka hadi karibu 0.12, na toki ile ile inaivuta kwa kilonyutoni 55 na zaidi. Uwezo wa bolti hiyo kabla ya kurefuka bila kurudi ni kilonyutoni 48.9. Spana imelia mlio wake sahihi, na bolti imeshaharibika. Toki ya bolti kavu haitumiki kwa bolti iliyolainishwa. Tafuta toki ya mtengenezaji kwa hali hiyo hiyo, na kama mwongozo unataka nyuzi kavu, kwa mfano nati za magurudumu ya magari mengi, ziache kavu.